Kabla Hawajakuachia Chumba Peke Yako

Siku moja ya msimu wa kuchuma pamba haijanitoka kichwani hadi leo, Kabula mwanangu, na ndiyo nitakayokusimulia badala ya kukujibu ndiyo au hapana. Juzi ulinipigia simu kutoka chuoni ukasema, "Shangazi, fildi ya kliniki siyo lazima. Wenye alama nzuri tunaruhusiwa kuiruka na kuomba utarajali moja kwa moja. Niruke?" Nikanyamaza. Ukadhani mtandao umekata, ukaanza haloo, haloo. Mtandao ulikuwepo. Niliogopa kukujibu vibaya, kwa sababu swali hilo niliwahi kuwa nalo mimi nikiwa na umri kama wako, na jibu nililojipa lilikuwa lile lile unalotaka kusikia.

Nitasema polepole. Wewe una haraka, mimi nimestaafu.

Wakati ule nilikuwa nimemaliza masomo ya darasani ya saikolojia tiba. Mitihani niliifaulu vizuri kuliko wavulana wote wa darasa letu, na usidhani nililificha hilo. Hapa Ngulyati babu yako alikuwa ananitambulisha kwa wageni kwa jina la daktari, nami sikumsahihisha. Chuo kilitupa njia mbili kama mlivyopewa ninyi. Ya kwanza ni kukaa karibu mwaka hospitalini chini ya msimamizi, unasikiliza wagonjwa naye yupo pembeni anakusikiliza wewe. Ya pili ni kuomba utarajali mwaka huo huo, uingie kazini kama mtu aliyekwisha kuiva. Nafasi za utarajali zilikuwa chache na wenzangu walizikimbilia. Nikaona mwaka mzima wa kukaa pembeni ya mtu ni mwaka uliopotea. Kilichobaki kilikuwa kumpata mtu mmoja wa hospitali atakayenidhamini, aseme ananijua na kwamba naiweza kazi.

Mtu huyo nilimtafuta mjini Bariadi. Aliitwa Mama Anna, mwanasaikolojia, Mhaya wa Bukoba aliyehamishiwa huku kikazi. Mama mrefu, mpole wa sauti, asiyecheka ovyo. Kisukuma chake kilikuwa hakivuki salamu. Ukishamjibu "mwangaluka" kilikuwa kimekwisha. Nilimweleza shida yangu nikiwa nimesimama wima na suti yangu ya kushona. Akaniangalia.

"Nikudhamini kwa lipi, binti? Sijakuona ukifanya kazi. Kaa na mimi leo, unisaidie Kisukuma. Jioni tutazungumza."

Nikakubali kwa shingo upande. Niliona kutafsiri ni kazi ya mtu asiyesoma.

Mchana wakaja watu watatu kutoka Bukundi, kule Meatu. Walikuwa wamepanda basi tangu alfajiri na vumbi lilikuwa limewakaa hadi kwenye kope. Mzee mmoja na fimbo yake, msichana wa kama miaka kumi na minne amebeba kichanga, na mwanamke kijana aliyejifunika kitenge hadi kichwani. Yule mwanamke ndiye mgonjwa, mke wa mtoto wa huyo mzee. Jina lake sitalitaja, kazi yetu hairuhusu, nawe ulizoee hilo mapema. Nitamwita mkamwana. Msichana alikuwa wifi yake.

Nikawasalimia, mwadila baba, mwadila mayu, wakaitikia. Mama Anna akauliza, nami nikauliza kwa Kisukuma: una tatizo gani? Akajibu mzee. Halali usiku. Hali chakula. Mtoto wake hamwangalii, ananyonya kwa sababu wenzake wanamweka kifuani kwake. Walikuwa wameshampeleka kwa mfumu, mganga wetu wa jadi, akawaambia ni mambo ya marehemu wa ukoo, wakatambika, hali ikabaki ile ile. Mzee alisema vizuri, kwa mpangilio, na mimi nikatafsiri vizuri, kwa mpangilio. Nikamwuliza mkamwana, wewe mwenyewe unajisikiaje? Akasema chini ya kitenge, "Mhola duhu." Mzima tu. Nikatafsiri na hilo. Moyoni nilikuwa nimeshampa ugonjwa wake jina kutoka kitabuni, na ukurasa nilikuwa nauona.

Mama Anna akanigeukia akasema kwa Kiswahili, polepole, "Umenitafsiria maneno ya nani?"

"Ya mgonjwa na ya baba mkwe wake."

"Ya mgonjwa ni mawili. Hebu niambie wewe mwenye kabila. Kwenu huku, mkamwana anaweza kueleza yaliyo tumboni mwake mbele ya baba mkwe?"

Mwanangu, nilisikia aibu inapanda kutoka miguuni. Mimi ni Msukuma wa kuzaliwa. Nimekua nikimwona mama yangu akimpisha njia baba mkwe wake, akipiga magoti kumpa maji, asimtazame usoni. Mkamwana wa heshima hasemi mbele ya mzee huyo hata kama nyumba inaungua, atamtafuta mtu wa kumsemea. Nilijua hayo kabla sijajua kusoma. Lakini nilipovaa ile suti niliyaacha nyumbani pamoja na ndala zangu. Mama Anna hakuyajua, ndiyo maana aliuliza. Mimi niliyajua nikayakalia. Wahenga walisema elimu bila amali ni kama nta bila asali, na siku hiyo nta ilikuwa mimi.

"Mtoe mzee," akasema, "lakini asiaibike. Ametoka mbali kwa ajili ya huyu mtoto."

Hapo ndipo nilipofanya kitu kimoja sawasawa. Nikapiga magoti mbele ya mzee nikamwambia, "Baba, sasa yanafuata mambo ya akina mama." Sijapata kumwona mzee akiinuka upesi namna ile. Fimbo mkononi, akatoka na yule msichana na kichanga, wakaenda kwa mama ntilie nje ya geti kunywa chai na michembe ya viazi.

Tukabaki watatu. Nikaanza maswali yangu ya kitabuni, moja baada ya jingine, mkamwana anajibu mhola, mhola. Mama Anna akaniwekea mkono begani, maana yake nyamaza. Tukakaa kimya. Kukaa kimya na mtu mwenye huzuni ni kazi ngumu kuliko kupalilia, na darasani hatukuifanya hata mara moja. Nilitaka kuongea mpaka ulimi ukaniwasha. Mwishowe yule mwanamke akanifunulia uso, akaniuliza mimi, siyo Mama Anna, "Wewe ni mtoto wa nani?"

Nikamwambia jina la baba yangu, na kwamba kwetu ni Ngulyati. Akaitikia kwa kichwa. Kisha akaanza kusema.

Alisema mtoto wake wa kwanza alifariki kabla hajatembea. Wakamkataza kulia alipopata mimba nyingine, wakamwambia machozi ya mama humwita na wa pili. Hakulia. Alibeba mimba hadi ikafika, akajifungua salama, na alipomwangalia mtoto mpya hakuona kitu. Alisema kifua chake kimekuwa ghala tupu. Alisema mtoto atalelewa vizuri na wifi, wifi ana mikono mizuri. Halafu akasema, kama mtu anayesimulia habari za sokoni, kwamba vitenge vyake vyote wiki iliyopita amemgawia wifi huyo, amebaki na hiki alichojifunika.

Nikayatafsiri yote. Hilo la vitenge nikalitafsiri la mwisho, nikaongeza kwa tabasamu kwamba wanapendana, mtu na wifi yake.

Mama Anna hakutabasamu. Akasogeza kiti chake karibu na mkamwana. "Muulize kama anafikiria kujiua."

Ulimi wangu ukagoma. Hebu jiweke hapo. Ni mwanamke anayenyonyesha, ana huzuni, ananitegemea kwa lugha, na mimi nimtamkie neno hilo? Kwetu neno kama hilo halitajwi karibu na kichanga. Nikaogopa kumtia wazo. Nikaogopa atanichukia. Basi nikauliza jingine. Nikamwuliza, "Mayu, una huzuni sana?" Akasema ndiyo. Nikamgeukia Mama Anna nikamwambia, amesema ana huzuni.

Akanitazama kwa muda. Hakujua Kisukuma, lakini alijua uso wa mtu aliyeulizwa swali lile, na uso wa mkamwana haukuwa huo.

"Hilo silo nililokutuma." Hakupandisha sauti. "Neno hili haliingii kichwani mwake kwa kulisikia kwako. Kama limo, limo, na analo peke yake usiku na mchana. Usipomuuliza wewe uliyesomea, nani atamuuliza? Mzee? Uliza nililosema."

Nikauliza. Nililitamka wazi, kwa lugha aliyonifundisha mama yangu.

Yule mwanamke akanishika mkono, akasema ndiyo. Akasema alikuwa anangoja siku ambayo watu wote wa boma watakuwa shambani. Halafu akalia, mwanangu, aliwalilia watoto wake wawili kwa pamoja, na hakuna aliyemkataza. Hata Mama Anna alitoa leso. Mimi nililia kwa hofu, sitakudanganya kwamba ilikuwa huruma. Nilikuwa nimeyashika maisha ya mtu kwa vidole viwili nikataka kuyaachia kwa sababu ya haya. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo tunavyowaambia wagonjwa, na kumbe mhudumu naye anaweza kumsaidia mgonjwa kuficha.

Mkamwana mwenyewe alikubali mzee aambiwe, mradi yeye asiwepo. Mama Anna akasema, nikatafsiri neno kwa neno: alazwe leo, mama mkwe aitwe aje akae naye, na akirudi nyumbani asiachwe peke yake hadi tuseme. Dawa za kupulizia pamba zitoke ndani ya nyumba. Mzee akasikiliza akiwa ameegemea fimbo kwa mikono miwili.

"Dawa ya pamba tunaiweka chumbani kwake," akasema. "Ndicho chumba kisichovuja."

Akaenda getini kutafuta anayekwenda Bukundi ampelekee mkewe ujumbe.

Jioni Mama Anna alifunga dirisha la chumba chake, akaniambia, "Ulikuja nikudhamini. Mtarajali anaachiwa chumba peke yake, siyo kwa ubaya, ni kwa sababu watu ni wachache na kila mmoja anadhani mwenzake amekwisha kukufundisha. Leo ungekuwa peke yako, huyu mama angepanda basi la saa ngapi kurudi Bukundi?"

Nilimwomba nianze kwake kesho yake.

Nafasi za mwaka ule zikanipita. Wenzangu walitangulia, na babu yako ilimuuma sana kuwaambia watu wa Ngulyati kwamba daktari wake bado anafundishwa. Alikaa wiki hasemi nami vizuri. Nilikuwa naendesha baiskeli asubuhi kwenda mjini na kurudi jua linazama, na kazi kubwa niliyopewa kwa muda mrefu ilikuwa kukaa na kunyamaza. Mama Anna alinikatiza mbele ya wagonjwa, alinirudisha nyuma, alinifanya niulize upya. Nilimchukia siku nyingine. Mkamwana alikaa wodini, akapata dawa, akapata mazungumzo, mama mkwe akalala chini pembeni ya kitanda chake bila kulalamika. Walipokuja kliniki baadaye kichanga alikuwa amebebwa na wifi bado. Walikuja tena, na tena, hadi safari moja mtoto akawa mgongoni kwa mama yake mwenyewe. Aliniambia wabeja, asante, akapita kwenda kuketi kwenye benchi na wengine.

Sasa nikujibu. Usiiruke fildi, Kabula. Najua nafasi ni chache, najua baba yako ameshawaambia watu, najua wenzako watakutumia picha wakiwa na makoti meupe nawe roho itakuuma. Kutangulia si kufika. Chuo kimekuruhusu kuiruka kwa sababu chuo kinaona alama zako, na alama zako ni nzuri, mimi mwenyewe nazitambia hapa mtaani. Mgonjwa haoni alama. Atakuona wewe, mahali utakapotulia na mahali utakapobabaika, na mahali utakapobabaika ndipo atakapojifunika tena kitenge chake.

Ukienda, usitafute msimamizi mpole anayekusifia. Tafuta atakayekuambia "hilo silo nililokutuma," na akikuambia usinune. Kosea hapo, mbele yake, ambapo kuna mtu wa kulikamata kosa kabla halijafika kwa mgonjwa. Na usiache nyumbani ulichofundishwa na watu wako kwa kuwa hakimo kitabuni. Jua nani hasemi mbele ya nani, jua mhola ipi ni ya salamu na ipi ni ya kuomba usiendelee kuuliza. Halafu mwaka ukiisha omba huo utarajali wako, uingie chumbani, ufunge mlango, na swali linalokutisha ulitamke jinsi lilivyo.

Mungu akupe moyo mgumu wa kuuliza na moyo laini wa kusikia jibu, mwanangu. Akupe mwalimu asiyekuonea haya. Na kila atakayeingia mlangoni kwako akiwa ameamua kufa, Mungu amjalie atoke akiwa hai.