Mtani wa Mama

Mjomba aliponiuliza kama mama mkubwa aondolewe nyumbani, nilipaswa kusema hapana. Katika kikao kile mimi peke yangu ndiye niliyefika sekondari, na wazee walinigeukia. Nikasema, "Apelekwe kwao Bukene." Maneno matatu tu. Niliyasema enzi za Mwingereza, na sasa ni mzee, bado nayasikia.

Mama mkubwa alikuwa mke wa kwanza wa baba. Mama yangu, wa pili, alikuwa Mgogo. Baba alibeba mizigo ya misafara ujanani mwake, kabla reli haijafika Tabora, na katika safari mojawapo akarudi na mke kutoka Ugogo. Sisi Wanyamwezi ni watani wa Wagogo tangu siku za njia ile, lakini wanawake wawili wakiwa na mume mmoja, kila utani una sindano ndani yake. Nimekulia Ntalikwa, nje ya mji wa Tabora, katikati ya nyumba zao mbili, na sikuwahi kuwaona wakicheka pamoja.

Baba alipokwisha kufa, maradhi yakaingia kwa wote wawili karibu wakati mmoja. Mama mkubwa alianza kusahau. Alisahau chungu motoni, kisha majina ya wajukuu, mwishowe akasahau kwamba aliwahi kuolewa. Mama alitokwa na uvimbe kwenye titi, ukapasuka ukawa donda lisilofunga. Leo tungesema saratani. Akili ya mama haikuyumba hata kidogo. Alikumbuka hadi rangi ya kanga niliyomletea nilipopata mshahara wa kwanza. Mama mkubwa naye, asiyejua leo ni siku gani, alitwanga mtama kama msichana. Nilikuwa naitazama mikono yake ikipanda na kushuka na mchi, nikamchukia. Hata mwanawe, ndugu yangu aliyekuwa Tanga akikata mkonge, nilimwonea wivu. Yeye angerudi amkute mama yake.

Lakini wivu ulionimaliza ulikuwa mwingine. Mama mkubwa alisahau uke wenza, hakusahau utani. Kila asubuhi aliingia na bakuli la uji, akamwona mama kana kwamba ni mara ya kwanza.

"Ee, Mgogo! Nani kakuleta huku? Mvua imewakataa tena?"

"Namtafuta babu yako," mama alijibu. "Alipita kwetu akaomba maji, akatoroka na kibuyu."

"Kibuyu chenyewe kilikuwa kimetoboka! Na mbona unanuka hivyo? Bado mnalala na ng'ombe ndani ya tembe?"

Donda lilikuwa linanuka kweli. Sisi sote tulijifanya hatusikii harufu. Mama alicheka mpaka akajishika ubavu kwa maumivu, na bado akacheka.

Mimi nilikuwa karani mjini. Kila Jumamosi nilikuja kwa baiskeli na sukari, sabuni na vitambaa safi. Mama alipokea, akanishukuru kwa upole, kisha akageuza uso kuelekea mlangoni. "Mtani wangu hajapita?" Jumamosi baada ya Jumamosi. Nilijaribu kumchekesha mwenyewe. Alitabasamu kwa kunihurumia.

Mganga msaidizi aliyekuja kumbadilishia bendeji aliwatazama wale wawili, akaniambia tulipokuwa nje, "Ajabu, bwana karani. Wazee wanaosahau namna hii, sijawaona sana na madonda kama haya. Na wenye madonda haya, wengi akili zao huwa nzima hadi mwisho. Sababu siijui."

Hakusema zaidi ya hapo. Mimi ndiye niliyeyachukua maneno yake hadi kwa mjomba, ndugu wa mama, aliyekuja kutoka Ugogo kumwangalia mgonjwa.

"Hata watu wa hospitali wameona," nikasema. "Palipo na ugonjwa huu, ule haupo."

Mjomba akafikiri. "Basi mmoja anakula uzima wa mwenzake."

Nilijua si hivyo alivyosema yule mganga. Nilinyamaza. Kikao kikaitwa, nikaulizwa, nikajibu. Siku hizi nimesikia redioni kwamba wataalamu nao wameona magonjwa hayo mawili ni nadra kumpata mtu mmoja, na bado wanatafuta kisa chake. Hakuna aliyesema mgonjwa mmoja humwibia mwingine. Wala mimi sikuamini hivyo siku ile. Nilitaka tu kile kicheko kiwe changu.

Nilimpeleka mwenyewe kwa treni ya Mwanza. Mama mkubwa alikaa dirishani, mkono wake juu ya wangu, akidhani mimi ni mwanawe.

"Tunakwenda wapi, baba?"

"Kwenu, mama."

"Haya." Baada ya kituo kimoja akaniuliza tena, "Na yule Mgogo amekunywa uji?"

"Amekunywa."

"Mwongo wewe. Hanywi mpaka nimtukane."

Nilimwacha Bukene kwa kaka yake, nikarudi. Jumamosi iliyofuata nilipeleka uji mimi. Mama aliutazama, akaniuliza mtani wake yuko wapi. Nikamwambia nilichofanya na kwa nini, maana kumdanganya sikuweza.

"Wote walikuja kunililia," akasema. "Yeye peke yake alikuja kunicheka. Ukamwona yeye ndiye wa kuondolewa?"

Aliishi wiki saba baada ya hapo. Hakucheka tena, na uji aliunywa kwa kulazimishwa. Nilipoandika Bukene kuomba mama mkubwa arudishwe, kaka yake alijibu kwamba mzigo tuliokwisha kuutua hatuwezi kujitwika tena. Ndugu yangu aliporudi kutoka Tanga akasikia habari, alikwenda kuishi Bukene na mama yake, na hakunitamkia neno hadi alipokufa. Kwa wivu wangu nilimnyima mama furaha yake ya mwisho, na nikampoteza ndugu pekee niliyekuwa naye.