Kibodi Moja, Mashine Tatu

Mashine zilikuwa tatu, skrini mbili, kibodi moja na mausi moja. Nimehesabu tena, ni hivyo hivyo. Mimi na mwenzangu tulipanga chumba cha mbele pale mtaani Umoja, tukichapa barua, kadi za harusi na programu za mazishi. Vyombo tulivinunua kwa ofisi moja ya mjini iliyokuwa inahama. Muuzaji alikataa kutuongezea kibodi ya pili. Nikamnyima kwaheri.

Tukaokolewa na kisanduku cha bati tulichokiokota sokoni Gikomba, katikati ya marobota ya mitumba. Kilikuwa na swichi mbili za kuzungusha. Ya juu iliamua skrini ya kulia ionyeshe mashine gani. Ya chini iliamua kibodi na mausi viende wapi. Skrini ya kushoto ilikuwa ya mashine yangu daima. Ukisahau ile ya chini, unaangalia huku na maneno yanaenda kule. Mwenzangu alizoea kunicheka: "Wewe unamwandikia mtu, barua anapata jirani."

Mchana mmoja alitoka kununua chapati ng'ambo ya barabara, akagongwa na lori. Alikuwa ameacha kazi katikati. Mashine yake ilibaki inawaka. Nilifungua chumba, nikafanya kazi zangu, nikafunga, na sikuizima. Hakuna aliyeniuliza kwa nini, nami sikujiuliza.

Kisha dada yake akaja na karatasi ya maisha ya marehemu, nimchapie programu ya mazishi. Yeye mwenyewe alikuwa karibu kuolewa. Baba yao alishafariki, kwa hiyo kaka ndiye angesimama harusini kusema maneno ya kumtoa nyumbani.

"Aliniambia anayaandika hapa," akasema. "Bado yapo?"

"Yapo, siz. Sijayagusa."

"Nionyeshe. Hata kama hayajaisha. Hayo tu ndiyo nitabaki nayo."

Nikazungusha swichi zote mbili, nikashuka kwa mausi hadi mwisho. Mistari michache tu. Wa mwisho ulisema: "Huko unakokwenda ni kwako, lakini mlango wetu hauta". Basi. Nusu neno, na kijistari kando yake kikiwaka na kuzima, kikimngoja.

Akavuta stuli, akaanza kusoma polepole. Sikutaka kumtazama usoni. Nikaiweka karatasi yake kando ya kibodi, nikaanza kuchapa nilivyofundishwa, macho kwenye karatasi, vidole vikijiendea vyenyewe.

Stuli ikaanguka.

"Anaandika!" Alikuwa amesimama, mgongo ukutani. "Mungu wangu, anaandika!"

Nikainua macho. Kwenye skrini ya marehemu, baada ya nusu neno lake, palikuwa na herufi mpya: "hautaALIZALIWA MACHAKOS, MTOTO WA KWANZA". Nilijua ni nini. Hata hivyo nywele zilinisimama, nikaondoa mikono kwenye kibodi kama iliyonichoma.

"Ni swichi, siz. Ni mimi."

"Wewe unachapa kule!" Akaonyesha skrini ya kushoto. Kule palikuwa peupe.

Nikamweleza. Akanisikiliza, lakini hakuondoka ukutani.

"Futa," akasema mwishowe. Kisha haraka: "Ngoja! Usimle."

Hofu yake ilikuwa na maana. Ukikikandamiza kile kitufe cha kufutia, kilikimbia chenyewe na kumeza mstari mzima. Basi nikagonga moja moja. Alisogea, akaweka ukucha kwenye kioo, chini ya neno la kaka yake, kama mtu anayezuia mlango kwa mguu. Nimebishania bei ya kila kitu Nairobi hii, lakini siku hiyo tulibishania herufi.

"Hiyo A kubwa ni yangu," nikasema. "Ndogo ni yake."

"Una hakika?"

"Nimeangalia mara mbili."

"Angalia ya tatu."

Nikaangalia. Nikagonga mara moja, nikaiondoa mikono. Pakabaki "hauta".

"Nimalizie? 'Hautafungwa'?"

"Wacha. Pengine alitaka kusema kitu kingine."

Nikaihifadhi ile hotuba kwenye disketi, nikaipeleka kwenye mashine yangu yenye printa, nikamtolea ilivyo. Aliisoma kwa sauti, amesimama katikati ya chumba. Alipofika kwenye lile nusu neno alinyamaza, akageuza kichwa kidogo upande wa skrini, vile mtu hufanya mwenzake anapositasita kutafuta neno.

Akangoja. Nami nikangoja naye.