Maiti Aliyejibeba

Fondo alikuwa mkwezi wa minazi huko Tiwi, mrefu, mkondefu, mwenye uso ambao hata akicheka ulionekana kama umefiwa. Uso huo ndio uliomponza. Mwaka wa pili baada ya uhuru alikuja Bwana Mwinga, kijana wa serikali aliyesomea mambo ya filamu Ulaya, akitafuta mtu wa kuigiza kifo cha mnywaji wa maji ya kisima yasiyochemshwa. Alipomwona Fondo akishuka mnazini, alisimamisha gari papo hapo.

Fondo aliichukua kazi hiyo kwa uzito. Nyumbani alijinyoosha kitandani akijizoeza kubana pumzi, mpaka mkewe, Sidi, akachoka.

"Baba Mbodze, maiti hafanyi mazoezi."

"Maiti wengine hawatazamwi na nchi nzima," alijibu bila kufumbua macho.

Siku ya kupiga picha alikufa vizuri sana. Nzi alitua puani mwake, naye hakutikisika. Mwanasha, jirani aliyeigiza mjane, alilia kwa sauti iliyowaleta watu wa ng'ambo ya barabara na mikeka yao ya matanga, wakarudishwa kwa kuombwa radhi.

Tatizo lilikuja kwenye mazishi. Wanaume walikataa kubeba jeneza tupu. Walisema ni kujichuria, kujiitia kifo. Walipatikana watatu tu, na jua lilikuwa likishuka.

"Mzee Fondo, hebu shika pembe ile," alisema Bwana Mwinga.

"Lakini mwanangu, mle ndani si nimo mimi?"

"Geuza uso. Kwenye filamu watu hawaoni kila kitu."

Fondo akashika, akageuza uso. Kwa bahati mbaya aliugeuzia kwenye kamera.

Filamu ilipoletwa Msambweni, wakubwa waliketi mbele kwenye viti, na Bwana Mwinga akatoa hotuba ndefu juu ya sanaa ya taifa jipya, sanaa isiyokuwa na kasoro. Taa ikazimwa. Fondo akanywa maji, akaugua, akafa; akina mama wakajifuta machozi kwa leso. Kisha likatokea jeneza, na chini ya pembe ya mbele marehemu mwenyewe, jasho likimtiririka.

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mkubwa mmoja pale mbele aliuliza kwa upole kama hiyo ndiyo mila ya huku.

Fondo aliondoka kabla taa haijawashwa. Tangu hapo, waliokuja kuagiza madafu walimwamkia, "Shikamoo, marehemu," na watoto wakamwuliza kama alikuwa mzito.

"Kufa kote kule," alimlalamikia Sidi, "hakuna hata mmoja anayetaja nilivyokufa!"

Sidi alijitahidi asicheke, akaingia jikoni upesi.

Bwana Mwinga naye alichukua mkasi, akakikata kile kipande cha jeneza. Filamu iliyosafishwa ikapelekwa Diani. Fondo alipokufa na mara picha ikarukia kisimani, mzee mmoja aliyeitwa Alfani, aliyekuwa ameiona Msambweni, alisimama.

"Yuko wapi anayejibeba?"

"Lile lilikuwa kosa, mzee. Tumeliondoa."

"Basi turudishieni kosa letu! Nyumbani kwangu maji yanachemshwa kwa ajili ya yule. Nimewaambia wanangu, ukinywa mabichi utajibeba mwenyewe. Leo nimewaleta waone, mnanifanya mwongo?"

Watu wakaanza kukung'uta mikeka waende zao. Bwana Mwinga alisimama kando ya gari lake, mtu aliyesoma miaka mingi, akielewa kwamba katika kazi yake yote wananchi wameshika jambo moja tu, nalo hakulikusudia.

Kesho yake alikwenda Tiwi.

"Mzee Fondo, nimekibandika tena kile kipande. Watu wanakutaka wewe mwenyewe uandamane na gari la filamu."

"Wanalitaka kosa lako."

"Letu, mzee. Uso ni wako."

Fondo alifikiri kidogo. Alikubali kwa sharti moja: kabla ya jeneza kutokea, watu waambiwe wakitazame kifo vizuri.

Wakazunguka mpaka Jego. Huko, filamu ilipokwisha, bibi kizee mmoja alimsogelea, akamshika mkono kuhakikisha una joto.

"Mwanangu, huko ulikokwenda kukoje?"

"Sikufika, bibi," alisema Fondo kwa adabu. "Niliitwa nirudi kubeba."

Bibi akatikisa kichwa kwa masikitiko, akasema kazi za serikali ndivyo zilivyo.