Barua Pepe Haikukatwa

Mimi si mtu wa kusema. Darasani nikiulizwa, jibu ninalo, lakini linakaa kooni mpaka mwingine alitoe. Ndiyo maana nilifungua blogu nilipokuwa mwaka wa tano wa sekondari: huko hakuna anayenitazama nikitafuta neno.

Mwanzoni ukurasa wa mbele ulionyesha kila andiko zima. Sikupenda. Ilikuwa kama kuanika nguo za ndani upande wa barabara. Nikapekua mipangilio, nikapata pa kuchagua: andiko zima, au dondoo tu. Nikachagua dondoo. Halafu nikajifunza kuweka mstari wa kukata mahali ninapotaka mwenyewe. Chini yake yanatokea maneno "Endelea kusoma".

Tangu hapo niliandika kwa namna mbili. Juu ya mstari niliweka mambo ya kila mtu: foleni ya maji, taksibasi iliyokufa kwenye njia ya Kambove, unga wa bukari, ugali wetu, wenye mchanga. Chini ya mstari niliweka yangu. Niliwajua watu wa kwetu. Kila ukurasa unakula mega za intaneti, na mega wanazitunza kwa picha za harusi, si kwa kubofya "Endelea kusoma" ya msichana asiyesalimia vizuri.

Mama naye alitaka kusoma. Simu yake ni ya zamani, kurasa hazifunguki, kwa hiyo nilimwandikisha apate maandiko kwa barua pepe. Yaya, kaka yangu mkubwa, akajiandikisha mwenyewe ili anicheke vizuri. Nilidhani barua inabeba kile kinachoonekana mbele. Sikuwahi kuangalia.

Wiki ile niliandika kuhusu maombi ya Jumatano. Mama ni mkubwa wa waombezi kanisani kwetu. Wakati wa kunena kwa lugha tunashikana mikono, na mimi husimama kando yake. Juu ya mstari niliandika joto na viti vya plastiki. Chini niliandika ukweli: kwamba lugha sijawahi kuipata. Kwamba kwa miaka miwili nasema haraka-haraka majina niliyokariri katika somo la kemia, manganezi, molibdeni, kobalti, na watu wanaitikia amina.

Kesho yake asubuhi yaya alipaza sauti kutoka uani, mswaki mdomoni.

"Kobalti! Haleluya! Batu ba Likasi banaichimbaka, weye unaiombaka!"

Nikamfuata uani. "Ulibofya?"

"Nibofye nini? Yote iko mu barua, mpaka mwisho."

Nikarudi kwenye mipangilio. Kumbe barua pepe zina chaguo lake, kwenye ukurasa mwingine kabisa, na langu lilikuwa kwenye andiko zima tangu siku ya kwanza. Nikaweka dondoo. Lakini barua iliyokwenda imekwenda.

"Mama amesoma?"

"Minye sijui. Simu yake iko kwa ule wa kuchajisha."

Umeme ulikuwa umekatika tangu juzi, ingawa bwawa la umeme la Koni si mbali. Nilitoka mbio hadi kwenye kibanda cha kuchajisha. Namba ya siri ya simu niliijua, mimi ndiye niliyeiweka. Njiani sikuwaza kumwambia mama chochote. Niliwaza kufuta tu. Lakini nilipofungua, barua haikuwa na zile herufi nene za barua mpya. Ilikuwa imeshasomwa, bila shaka jana jioni, kabla simu haijapelekwa kuchajishwa. Na asubuhi mama alikuwa amenimiminia chai kama siku zote.

Nilimkuta anachagua maharage kwenye lungo. Nikamwekea simu kando.

"Mama, pardon. Nilidhani barua inakatwa pale juu."

Hakuinua kichwa. "Ile molibdeni, njo nini?"

"Ni aina ya madini, mama."

"Mm. Minye nilizania ni jina ya malaika."

Ndani ya nyumba yaya alipasuka kwa kicheko. Mama akamwambia afunge mlango.

"Pale juu uliandika viti," akaendelea. "Nikasema, huyu mutoto kila siku viti, maji, bukari. Yeye mwenyewe iko wapi? Kisha nikafika chini."

"Umekasirika?"

"Njo minye nakamataka mukono yako. Miaka mbili nilikuwa na furaha, nasema mutoto wangu amepata." Alitoa kijiwe, akakitupa. "Usinidanganye tena mbele ya Mungu. Kama haiko, unyamaze."

"Lakini watu wataona. Watasema, mtoto wa mwombezi mwenyewe..."

"Batasema." Akatikisa lungo. "Na barua yangu usiikate."

Chaguo ni moja kwa wote waliojiandikisha. Kumpa mama andiko zima ni kumpa na yaya, pamoja na binti mmoja wa darasani ambaye sijui alijiandikisha lini. Nilikaa na simu yangu mkononi mpaka maharage yakawekwa jikoni. Kisha nikarudisha andiko zima.

Jumatano sauti zilipopanda, nilifunga mdomo. Sikujua la kufanya na meno yangu. Mchungaji alipita mstari kwa mstari akiweka mkono vichwani, na alipofika kwetu akasimama, akanitazama midomo. Mama hakufumbua macho. Alinishika mkono vilevile, akaendelea kuomba, na mimi nikaendelea kunyamaza.