Nilivyomshika mama mkwe kiunoni katikati ya bahari: safari ya jahazi kwenda kuona minara ya taa

Wakuu, heshima kwenu nyote. Na kwa ndugu zangu wa milimani, onga mshi.

Mimi huwa ni msomaji tu humu, sina kawaida ya kufungua uzi. Ila hili limenikaa kifuani na mke wangu amechoka kulisikia, kwa hiyo nalileta kwenu. Nawaambia kama lilivyonikuta. Kama kuna chumvi humu ndani, ni ile ya maji niliyomeza siku hiyo.

Nianze na mimi ni nani. Naishi Magamba, juu ya Lushoto mjini. Nalima viazi na karoti, na nina miti michache ya plamsi. Mke wangu anaitwa Upendo, kwao ni Mponde kule kwenye chai.

Mama yake Upendo, yaani mama mkwe wangu, ni mjane. Mzee wake alifariki miaka michache iliyopita.

Sasa hapa nisimame kidogo kwa wasiojua mila zetu. Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawasogeleani. Hampeani mikono. Hamli meza moja. Ukimkuta njiani unapisha pembeni, unatoa shikamoo huku umeangalia migomba, naye anaitikia "marahaba baba" huku anaangalia kwingine. Ukiwa na shida naye unapitia kwa mke wako.

Vijana wengi siku hizi wameacha. Mama mkwe wangu hajaacha, na mimi nimemheshimu hivyo hivyo tangu nimuoe binti yake.

Turudi kwenye habari.

Marehemu baba mkwe, ujanani kabla hajarudi milimani kulima chai, alifanya kazi Tanga kwenye minara ya taa. Ile inayoongoza meli usiku. Kazi yake ilikuwa kupanda ngazi kila siku na kusafisha vioo vya taa. Alimsimulia mkewe maisha yake yote habari za hiyo minara, na mama mkwe hajawahi kukanyaga hata mchanga wa pwani.

Sasa shemeji yangu Naomi, mdogo wake Upendo, ameolewa Tanga. Akatupigia simu kwamba kuna jahazi linatembeza watu, linapita kuonyesha minara ya zamani, watu wanapiga picha, wanakula samaki, wanarudi. Utalii wa ndani.

Mama mkwe aliposikia akasema sentensi moja tu kwa Upendo: "Nataka nione pale alipokuwa anapanda."

Nani angekataa hapo wakuu?

Likizo ya Pasaka tukashuka. Rafiki yangu alinipa Noah yake. Mimi mbele naendesha, mama mkwe siti ya nyuma kabisa ametazama dirishani, Upendo katikati kama mkalimani. Kona zote za kushuka Mombo nilikuwa namsikia anaomba kwa Kishambaa. Nikajisemea, kama kona zinamtisha hivi, bahari itakuwaje?

Kumbe wa kuogopa nilikuwa mimi.

Kesho yake asubuhi tukafika kwenye jahazi. Kubwa, la mbao, zamani lilikuwa la mizigo. Wameliwekea mabenchi yenye mito na turubai la kivuli. Tulikuwa na abiria wengine: walimu waliotoka Korogwe, na wanandoa wapya ambao kazi yao ilikuwa selfie. Naomi hakuja, mtoto wake alikuwa na homa.

Nahodha alikuwa mtu mtaratibu, sitamtaja jina. Jahazi lenyewe pia sitalitaja.

Nikamuuliza msaidizi wake, "Life jackets ziko wapi?"

Akaonyesha gunia limefungwa kamba kule mbele chini ya mbao. "Zipo kiongozi, usiwe na wasiwasi. Bahari leo ni kama chai kwenye kikombe."

Nikaliangalia lile gunia. Nikaenda kukaa.

Tukaondoka. Kwa kweli mwanzo ulikuwa mzuri. Tanga la jahazi likajaa upepo, mashine ikazimwa, hakuna kelele ila maji yanapiga mbao. Tukapita mnara wa kwanza karibu na nchi kavu. Kisha tukaenda kwenye ule wa kisiwani, ambao ndio mzee alikuwa anapanda. Mweupe, rangi imebanduka, umezungukwa na miamba ambayo maji yakijaa huioni.

Mama mkwe alisimama. Alishika nguzo ya turubai, akautazama muda mrefu. Kisha akamwambia Upendo, "Muulize nahodha, ngazi zake ziko ndani au nje?"

Nahodha akamsikia, akajibu mwenyewe: "Ndani mama. Zinazunguka zinazunguka mpaka juu, ukifika unasikia kizunguzungu."

"Ndivyo alivyosema," mama mkwe akajibu. Akakaa.

Nilimuona anafuta macho kwa ncha ya kitenge. Nikageuka upande wa pili kama inavyotakiwa, nikawa naangalia milima yetu. Ukiwa kule baharini siku yenye mwanga unaiona kwa mbali, ya buluu.

Ghafla sikuiona.

Sikuelewa. Nilidhani ni macho. Kumbe ni wingu jeusi limeshuka mpaka chini, linakuja kwetu, na chini yake maji yamebadilika rangi.

Nahodha naye akawa ameliona. Akapiga kelele kwa vijana wake: "Shusha tanga! Shusha, shusha!"

Wakavuta kamba. Kamba ikanasa kule juu ya mlingoti. Wakavuta tena, haiji. Nikaona uso wa nahodha. Mtu ambaye asubuhi yote alikuwa anatabasamu sasa alikuwa hana damu usoni.

Upepo ukatupiga.

Sijui niseme vipi. Ulikuwa kama mtu amekusukuma kwa mikono miwili. Ule mti mrefu wa juu unaobeba tanga, siyo mlingoti wenyewe, ukalia PAA, ukavunjika, ukaanguka na tanga lote likaingia majini. Tanga likishajaa maji linakuwa zito kama ukuta, likaanza kulivuta jahazi lilale ubavu.

Upande mmoja ukapanda juu. Upande mwingine ukashuka mpaka maji yakawa yanaingia ndani.

Mabenchi, mito, mabeseni ya samaki, watu, wote tukateleza. Mimi nilinasa mguu chini ya benchi lililopigiliwa misumari, ndiyo pona yangu. Upendo alikumbatia mlingoti. Mama mkwe alipita mbele yangu anateleza kwa mgongo, akafika kwenye ukingo wa chini, miguu yake ikatoka nje. Ikawa ndani ya maji.

Nikanyoosha mkono. Alikuwa karibu, angeufikia.

Wakuu, mama yule aliutazama mkono wangu. Kisha akarudisha wa kwake.

Naapa. Bahari inamvuta, na yeye anakataa kumshika mkwe wake mkono. Akashika kamba ya turubai badala yake.

"Mama mshike!" Upendo alikuwa analia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia. "Mama, mshike Danieli! Mama!"

Yeye akatikisa kichwa.

Wimbi likaja, ile kamba ya turubai ikachomoka kama uzi wa nguo mbovu. Nikamuona anaondoka.

Sikufikiri tena. Nilijirusha mguu ukiwa umenasa vile vile, nikamdaka kiunoni kwa mikono yote miwili, kitenge na kila kitu, nikamvutia kifuani kwangu. Alinipiga. Alinipiga mabega akisema kwa Kishambaa nimwache, nimwache, ni aibu. Nikamjibu "Sikuachi mama, nisamehe, sikuachi." Maji yanatuingia mdomoni wote wawili.

Baadaye akaacha kupiga. Nikasikia mikono yake inanishika shingo.

Nahodha alikata kamba za tanga kwa kisu, likaenda zake. Jahazi likainuka nusu. Lakini maji yalikuwa magotini, mashine imelowa haiwaki, mvua inapiga kama kokoto. Msaidizi mmoja mkono wake umevunjika. Walimu wakaanza kuchota maji kwa mabeseni na ndoo. Mtu akalifikia gunia la life jackets, akalikata. Nyingi zimeota ukungu, zipu zimekufa. Wanandoa walikuwa wanagombania moja, kila mmoja anamvalisha mwenzake.

Halafu mwalimu mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Tunaelekea kwenye miamba."

Kweli. Upepo ulikuwa unaturudisha kwenye kile kisiwa. Niliona povu jeupe linapasuka chini ya mnara, kila tukiinuka na wimbi naliona limesogea. Hapo ndipo nilipoogopa hofu ambayo siijui jina. Sikuwaza maisha yangu wala nini. Niliwaza tu kwamba watoto wangu wako kwa jirani Magamba na wanasubiri tuwaletee madafu.

Nahodha akatupa nanga. Ikaburuta. Tukaendelea kwenda. Akawa ameishika ile kamba kwa mikono, anasoma dua, sisi Walutheri tunaomba kwetu, na hakuna aliyemuuliza mwenzake dini yake.

Nanga ikanasa.

Jahazi likasimama kwa mshtuko, likageuza uso kwenye upepo. Miamba ilikuwa karibu kiasi kwamba povu lake lilikuwa linatunyeshea. Tukakaa hapo, wenzangu wanachota maji, sote tunaiangalia ile kamba. Kila ikikaza na kulia tulikuwa tunashika pumzi.

Mvua ilipopungua, boti ya wavuvi yenye mashine ikatuona. Walitufungia kamba, wakatukokota polepole mpaka ufukweni.

Mimi sikumbuki vizuri sehemu hii. Nakumbuka watu wanashuka, mtu ananiwekea shuka begani. Nakumbuka Upendo amepiga magoti mbele yangu ananiita jina.

Kisha nikasikia sauti karibu kabisa na sikio langu. Mama mkwe. Tangu nimuoe binti yake, ukiacha ile "marahaba" na kelele za kule majini, hakuwahi kuniambia neno bila kupitia kwa mtu.

"Niachie sasa, baba. Tumefika."

Bado nilikuwa nimemkumbatia. Mikono ilikuwa imekufa ganzi, vidole havifunguki. Upendo alivifungua kimoja kimoja.

Hakuna aliyekufa, Mungu ni mwema. Yule msaidizi amefungwa POP na anaendelea vizuri. Mambo ya chombo yako kwa wahusika.

Sasa nyumbani.

Tuliporudi, mama mkwe akarudia kukaa nyuma ya pazia kila nikifika kwao, kama zamani. Habari zikafika kwa mjomba wa Upendo, mzee anayeshika mila pale kwao. Akaniita Mponde. Akasema anaelewa ilikuwa ajali, hanilaumu, ila kumshika mama mkwe kiunoni ni jambo zito, inabidi nilete mbuzi mambo yatengenezwe.

Nikasema sawa mjomba, nitaleta.

Kabla sijamaliza, sauti ikatoka nyuma ya pazia: "Alete. Na mbuzi achinjwe. Ila siku hiyo Danieli atakula meza moja na mimi."

Mjomba akasema, "Dada, hilo haliwezekani."

Akajibiwa: "Basi kale mbuzi wako peke yako."

Wazee wengine wakakohoa. Mwisho mjomba akasema "haya."

Nilipeleka mbuzi wiki iliyopita. Nilikaa meza moja na mama mkwe, kanisogezea sahani ya ini kwa mkono wake mwenyewe. Wakuu, nilishindwa kutafuna.

Nilichojifunza: ukiingia kwenye chombo cha maji, usiridhike kuambiwa "zipo". Iombe life jacket, ivae, ifunge zipu, ndipo kamba ifunguliwe. Wakikucheka wacheke. Mimi niliona gunia limefungwa nikaona aibu kuuliza mara ya pili.

Na bado sijapona. Upepo ukipiga mabati huku Magamba naamka nimeshika godoro kwa mikono miwili.

Sasa nawauliza, hasa Wasambaa wenzangu na wenye mila kama zetu: baada ya kula naye meza moja, nikikutana naye njiani kesho napisha pembeni kama zamani, au nasimama nimsalimie? Upendo anasema nisimame. Mjomba anasema nipishe. Yeye mwenyewe naogopa kumuuliza.

Karibuni wakuu, na aliyewahi kupatwa na bahari naye aseme.