Mbuzi wa Ardhi

Nauza mafuta ya mawese hapa Mabanga, mjini Goma, tangu mtoto wangu wa kwanza akiwa ananyonya. Kwa miaka mingi mafuta yangu yalitoka kwa mtu mmoja tu, mjomba wangu, kaka yake mama, aliyekuwa na michikichi upande wa Beni kwenye shamba lililopakana na msitu. Bido zake, yale madumu ya plastiki, zilifika juu ya malori zimezibwa kwa majani ya mgomba, na wateja wangu waliijua harufu yake. Siku hizi nauza mafuta ya kampuni kwa sababu hakuna mengine. Nayauza kwa hasira, na mteja akiniambia ni mazuri, namkata jicho.

Kwetu sisi Wanande, mtu anayetaka kulima kwenye ardhi ya ukoo mwingine hupeleka mbuzi kila mwaka. Mwenye ardhi humchinja, watu wakala pamoja, na mbuzi huyo ndiye anayesema: mimi nalima tu, ardhi ni yako. Hata mtoto anajua. Anayeleta mbuzi ni mpangaji, anayemla ndiye mwenye mahali.

Basi watu wa kampuni hiyo ya mawese walipofika kijijini na mbuzi wanne, chumvi na makasha ya bia, mjomba, aliye mkubwa wa ukoo, alifurahi kupita kiasi. Wageni wenye adabu, alifikiri, tena wamefundishwa desturi. Akachinja, akala, akaweka kidole kwenye karatasi ya Kifaransa bila kuuliza kitu. Kwake yeye ile ilikuwa karatasi ya kuonyesha kwamba mbuzi wamefika. Miezi michache baadaye zikaja mashine.

Alinijia Goma na karatasi hiyo ndani ya mfuko wa plastiki. Mimi nilisoma kidogo, Kifaransa nakifahamu. Nikamsomea hapo mezani pangu, katikati ya bido. Ilisema ukoo umeachia shamba lote na msitu wote ulio nyuma yake, na kwamba umekwisha kulipwa. Malipo yenyewe yaliandikwa: mbuzi wanne, chumvi, vinywaji.

"Soma tena, mama," akaniambia.

Nikasoma tena.

"Lakini bo njo balileta mbuzi! Mutu wa kuleta mbuzi njo mupangaji. Beko bapangaji betu!"

"Papa, bo banasema ile mbuzi ilikuwa bei."

Nilitegemea ataanza kulilia shamba lake, kumbe akaanza na sokwe. Mistari miwili ya michikichi iliyogusa msitu haikuvunwa na mtu yeyote wa ukoo wetu, ilikuwa yao. Nilipokwenda huko likizo nikiwa msichana, niliwasikia asubuhi wakigombania mikungu ya chikichi iliyoiva, na bibi akisema tuwaache, wako kwao. Mashine zilianzia hapo hapo. Sokwe waliobaki wakaingia kwenye mahindi ya watu, na watu, nao wenye njaa, wakatega mitego ya waya. Mjomba alimkuta jike mmoja amenasa mguu, amekufa, mtoto angali amemng'ang'ania kifuani.

"Balikuwa bajirani betu," alisema. "Tuligombanishwa nabo."

Na leo watu wa kampuni wanasema ni wanakijiji wanaomaliza sokwe! Unamfukuza mtu shambani, unamfukuza sokwe msituni, unawakutanisha kwenye kipande kimoja cha mahindi, kisha unamwita mtu huyo katili. Mimi neno hilo nalikataa.

Mjomba akaamua kumrudisha mbuzi. Kama kula mbuzi ndiko kulikompokonya ardhi, basi amrudishe mmoja, wengine watafuata, na mambo yawe kama zamani. Nilimwambia haitasaidia, hakunisikia. Akapanda hadi Kibumba kununua, akarudi kwa pikipiki na beberu mweusi mwenye ndevu, analia njia nzima kati yake na dereva.

Biro, yaani ofisi ya kampuni, iko karibu na ziwa, nyuma ya ukuta mrefu. Tulimwingiza beberu wetu hadi barazani. Ukutani palikuwa na picha kubwa ya mnyama wa jamaa ya sokwe, manyoya mekundu, amepakata mtoto. Karani mmoja, viatu vinang'aa, alituona tunaitazama.

"Uyu ni orangutani, wa Asia," alisema. "Benye kampuni beko na mashamba ya mawese kule pia. Tunamuchunga sana."

"Na pori yake iko wapi?" mjomba akauliza.

Karani akaigeukia picha.

"Uyu naye balimupelekea mbuzi?" mjomba akaongeza.

Nilicheka, halafu nikaona aibu. Jioni ile binti yangu alinionyesha kwenye simu jinsi huko nako misitu ilivyofyekwa kwa mawese haya haya, na yule mnyama mwekundu anatangatanga kati ya mistari ya michikichi akitafuta mti wa kulala. Kumbe wanamchunga ukutani.

Karani akanyoosha mkono kuipokea kamba. "Merci sana, muzee. Mbuzi tunaipokea, nitakuandikia karatasi."

Mjomba aliivuta kamba kwa nguvu hata beberu akapiga magoti.

"Hapana! Nikikuachia hii kamba, njo nimekuwa mupangaji kwa udongo ya baba yangu!"

Tukarudi Mabanga kwa miguu, mbuzi mbele, watu njiani wakituuliza bei. Mjomba akarudi kwao, beberu akabaki kwangu, amefungwa nyuma ya meza. Alinenepa kwa maganda ya ndizi. Nilikuwa nimeapa kwamba hakuna atakayemgusa, hata siku ya Noeli.

Msimu uliopita mjomba alinipigia simu. Kampuni imetangaza kwamba anayetaka kupanda maharagwe kati ya michikichi yao, pale pale palipokuwa shamba letu, ataruhusiwa. Sharti ni moja: mbuzi mmoja kila mwaka. Kumbe desturi yetu waliijua! Waliijua tangu siku ile ya bia na chumvi, walingoja tu iwe upande wao. Nilitukana mpaka mteja aliyekuwa mbele yangu akaondoka na chupa yake tupu.

Mjomba aliniacha nimalize.

"Mama, ile mbuzi ingali?"

"Ingali, papa."

"Itume."