Bugle ya Kaburini

Siku hizi asubuhi za zamani za Baraka, mji wetu kando ya ziwa, hunijia kama kitu kinachosikika kutoka chini ya maji. Ukungu uko juu ya ziwa, wavuvi wanarudi na ndagala, na nyuma ya kanisa sauti moja nene inatembea polepole, kana kwamba haina mahali pa kufika.

Hiyo ilikuwa bugle ya rafiki yangu. Bugle ni ndugu wa tarumbeta, ila bomba lake hupanuka zaidi na sauti yake haichomi. Mimi nilipiga tarumbeta katika fanfari, bendi ya vyombo vya kupuliza ya kanisa letu, na nilitunza ufunguo wa chumba cha vyombo. Yeye alikuwa mtoto wa wafugaji wa milimani, amehamia mjini na mke wake.

“We unabembeleza ng’ombe,” nilimtania.

“Na yako inaamusha samaki mpaka Lweba,” alinijibu.

Jumapili moja redio yake ilitupatia jazi. Mtu alikuwa akipiga taratibu, kila noti ikiyeyuka ndani ya nyingine. Rafiki yangu aliinua kidole. “Ile si tarumbeta. Ni bugle. Sikia, haisukume muntu.” Tangu hapo alianza kutelezesha noti katika nyimbo za ibada, na mchungaji akawa anakohoa. “Aache akohoe,” aliniambia. “Bamalaika nabo banachoka kutembea wima.”

Kwetu mazishi yalikuwa na desturi yake. Fanfari nzima ilisindikiza jeneza barabarani, lakini kaburini sote tulinyamaza, bugle peke yake ikapiga mpaka jeneza likatulia chini. Watu walisema aliyeteremshwa bila bugle ameteremshwa kama mzigo.

Kisha vita vikaja. Watu tuliokula nao walianza kuwaita wa milimani wageni. Rafiki yangu akapanda milimani na familia yake, bugle ikabaki kwenye rafu. Sikumwambia abaki, wala sikumsindikiza.

Baada ya miezi michache alitokea mlangoni kwangu alfajiri, miguu imejaa tope.

“Bibi yangu, mama ya batoto, amekufa,” alisema. “Tunamuzika kesho kutwa. Naomba bugle, ndugu. Nitairudisha mi mwenyewe.”

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Nilitazama barabara, nikaona majirani wawili wamesimama wakitutazama, nami nikaogopa watakachosema juu yangu.

“Ufunguo iko kwa muzee wa kanisa,” nilisema. “Na yeye amesafiri Kilembwe.”

“Sawa, ndugu,” akasema, akageuka kuelekea milimani. Hakuna aliyenishikia bunduki. Majirani wale hawakuniuliza hata neno. Nilidanganya mwenyewe, kwa hofu niliyojitengenezea.

Vita viliporudi tulivuka ziwa kukimbilia Kigoma. Tuliporudi, chumba cha vyombo kilikuwa hakina hata mlango. Lakini usingizini bugle imebaki. Huisikia ikishuka kutoka milimani pamoja na ukungu, nami natembea kuifuata, na njia hairefuki wala haiishi.

Mwaka jana, sokoni Baraka, mwanamke muuza maziwa alinipimia kikombe. Alikuwa na macho ya rafiki yangu. Nilimuuliza wazazi wake ni nani, naye akawataja. Alikuwa binti yake.

“Mama yako mulimuzika namna gani?” nilimuuliza.

“Kimya, papa. Batu balitaka kuimba, baba akakatala. Alisema wimbo wake ulibakia Baraka.”

Nikamwambia mimi ni nani, na kwamba siku ile ufunguo ulikuwa kwangu, sikuwa nimeupa mtu yeyote.

Alifunika maziwa yake polepole. Wateja wawili walisubiri nyuma yangu, naye hakuwatazama.

“Baba iko muzima,” alisema mwishowe. “Lakini hilo mi siwezi kumubebea. Upande milimani mwenyewe, umuambie.”

Nina umri wa kuhesabu kila hatua, na njia ya milimani ni siku mbili. Nimeomba mtu anichongee fimbo.